Shajara ya mradi: matukio ya maktaba ya chuo, na wale wasio na kadi

Wiki ya 1

Nimekabidhiwa mradi wenye jina refu kuliko bajeti yake: Matukio na Ushirikishwaji wa Jamii. Kazi yenyewe ni kupanga matukio ya maktaba kwa muhula huu na ujao, na kuhakikisha kwamba watu wasio wanafunzi wala wahadhiri wanafika. Naiandika shajara hii kwa ajili ya atakayenirithi, asianzie pale nilipoanzia mimi. Aliyenitangulia aliacha faili moja la mabango ya miaka iliyopita, wala hamna hata mstari mmoja unaosema nani alikuja, nani hakuja na kwa nini.

Nimeyapitia mabango hayo. Uzinduzi wa kitabu, mhadhara wa profesa, uzinduzi mwingine, maonyesho ya vitabu vipya. Yote yana mzungumzaji mmoja na viti vingi. Rasimu yangu, naikiri, ilifuata mkondo uleule. Nilichukua siku za kimataifa nikazichomeka kwenye jedwali: 21 Februari Siku ya Lugha Mama, 23 Aprili Siku ya Vitabu na Hakimiliki, 7 Julai Siku ya Kiswahili ambayo UNESCO iliipitisha mwaka 2021, 8 Septemba Siku ya Kisomo, na Oktoba Wiki ya Machapisho Huria, yaani machapisho ya kitaaluma yanayosomwa bure mtandaoni. Kila siku na mhadhara wake. Nikapeleka kwa mkuu wa maktaba nikijiona nimemaliza.

Akasoma taratibu, akauliza swali moja tu: "Hawa wa nje wakija, wanakuja kufanya nini?"

Nikasema, kusikiliza. Akanirudishia karatasi yangu.

Wiki ya 2

Nimelinganisha rasimu na kalenda ya chuo na sasa naona aibu. Tarehe 23 Aprili inaangukia katikati ya maandalizi ya mitihani. Tarehe 8 Septemba wanafunzi wako likizo. Siku za kimataifa zimepangwa bila kutuuliza, na hakuna ubaya. Ubaya ni wetu tunaozifuata kama kengele ya shule. Kwa hiyo nimegeuza utaratibu: kwanza kalenda ya mitihani, halafu ukumbi, halafu ndiyo tunaangalia kama kuna siku ya kimataifa iliyo karibu ya kutuazima jina. Wiki ya Machapisho Huria yenyewe ilianza kama siku moja tu, 14 Oktoba 2008, mwaka uliofuata ikawa wiki nzima. Basi na sisi hatutakosea tukiisogeza kidogo.

Nimefuta mihadhara mitatu. Jedwali limebaki na mashimo, na mashimo yale yananipa raha kuliko lilivyokuwa limejaa.

Wiki ya 3

Asubuhi nilisimama na mlinzi wa zamu langoni nimuulize kama watu wa nje huwa wanafika. Akasema wanafika sana, "ila hawaingii, wananiuliza tu halafu wanaondoka." Wanauliza nini? Akaanza kuhesabu kwa vidole. Wako wanaouliza kama wanaweza kusoma gazeti. Yupo kijana anayetaka kutumia intaneti kujaza fomu ya maombi ya masomo. Yupo mama anayetafuta tasnifu ya marehemu kaka yake, maana aliambiwa nakala iko hapa. Na juzi tu alikuja mzee mwenye bahasha ya kaki, akasema ana picha za zamani za jengo hili na angependa kuzionyesha kwa mtu. Mlinzi akamwomba kitambulisho cha chuo. Mzee hana. Akaambiwa alete barua kutoka idara husika. Idara gani? Mlinzi hakujua, mzee hakujua, na hata mimi ningeulizwa nisingejua. Akaondoka na bahasha yake.

Nimeshinda na habari hii kifuani. Mimi nimekaa ndani napanga jinsi ya kuwaleta watu, na aliyekuja kwa miguu yake amerudishwa. Mlinzi simlaumu: tangazo lililobandikwa ukutani linasema KADI, kwa herufi kubwa, na yeye analitekeleza. Tangazo tuliandika sisi.

Mchana nikaenda kuuliza kwa nini lango limekuwa hivyo. Nimepewa sababu tatu. Ya kwanza ni wizi wa vitabu, na hiyo ni kweli. Ya pili ni viti, hasa wiki za mitihani, na hiyo ni kweli mara mbili. Ya tatu ni leseni za majarida ya kielektroniki, kwamba mtu asiye wa chuo haruhusiwi kuyasoma. Hii ya tatu nimeisikia tangu siku ya kwanza ya kazi na sikuwahi kuihoji. Leo nimeomba mikataba yenyewe nikaisoma. Kwenye mingi kuna kifungu kinachoruhusu mtu yeyote aliyeingia ndani ya jengo kusoma kwenye kompyuta za maktaba. Asichoruhusiwa ni kusomea nyumbani kwake kwa kutumia nywila yetu. Miaka yote hii tumekuwa tukiwanyima watu kitu tulichokwisha kukilipia.

Wiki ya 4

Kikao cha lango. Kilikuwa kirefu nami sitakirudia chote hapa. Yaliyokubaliwa: kutakuwa na daftari la wageni na kadi ya mgeni ya siku moja, inayotolewa langoni kwa kitambulisho chochote chenye picha. Mgeni anasoma humohumo ndani, haazimi. Wiki mbili kabla ya mitihani na wakati wa mitihani kadi hizo zinasimama, isipokuwa Jumamosi.

Mwenzangu wa kitengo cha uazimishaji alipinga hadi mwisho, na hoja zake hazikuwa za kijinga. Alisema tukifungua lango bila kuongeza mtu wa dawati la maulizo, wageni watakuja wasipate wa kuwaelekeza, na mtu aliyeingia akapotea katikati ya rafu anaondoka na uchungu kuliko aliyezuiwa mlangoni. Nikawatajia Ranganathan, mkutubi wa India, na sheria zake tano za ukutubi za mwaka 1931, ile ya nne inayotaka tuokoe muda wa msomaji. Akaniambia, vizuri, basi anza wewe kuuokoa: kaa dawatini Jumamosi. Nimepangwa Jumamosi mbili kila mwezi. Ndiyo faida ya kunukuu vikaoni.

Tangazo la KADI limeng'olewa. Alama ya gundi bado iko ukutani.

Wiki ya 5

Mzee amepatikana. Mlinzi aliyemrudisha ndiye aliyemtafuta. Alimwona njiani jioni moja, akamfuata akamwomba radhi, na mzee akasema hakuwa amekasirika, alikuwa ameshazoea. Neno hilo mlinzi amelirudia kwangu mara mbili.

Alikuja Alhamisi. Nikamwamkia, nikamkaribisha chumba cha nyaraka, akaweka bahasha mezani lakini hakuifungua. Kwanza alikwenda kwenye rafu, akapitisha kiganja chini ya ubao mmoja, kule ambako jicho halifiki. Akasema, "Hii nimeipiga randa mimi, mwanangu." Alikuwa miongoni mwa mafundi seremala waliotengeneza rafu za ghorofa ya kwanza. Nimefanya kazi kati ya rafu hizo miaka yote na sikuwahi kujiuliza zilitoka wapi.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha kumi na moja, nyeusi na nyeupe, na albamu ndogo ya zile zenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu. Hizo albamu ni balaa. Gundi yake na karatasi yake vina asidi, na baada ya miaka picha inabadilika rangi au inang'ang'ania ukurasa. Mbili zimeshika kabisa. Sikujaribu kuzing'oa. Zitaskaniwa zikiwa humohumo kwenye ukurasa, na hilo nimemweleza, akakubali.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nikamletea sanduku letu. Kila maktaba ya chuo nadhani inalo: sanduku la picha ambazo hakuna anayejua ni za nani. Kwenye katalogi letu zimeandikwa "Watu wasiojulikana, mbele ya jengo", "Wafanyakazi, hawajatambuliwa", "Hafla". Moja imeandikwa "Ufunguzi wa maktaba". Mzee akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama muda mrefu, akatikisa kichwa. Hii si siku ya ufunguzi, akasema. Siku ya ufunguzi rafu hizi zilikuwa bado karakana. Vitabu vilipangwa kwenye meza, na ngazi za nyuma zilikuwa hazijawekewa mikono. Picha hii ni ya baadaye. Na huyu aliyesimama kulia, mwenye rula mfukoni, alikuwa msimamizi wao. Akamtaja kwa jina, na jina la baba yake, na upande alikotoka.

Kumbukumbu imekaa kwetu na maelezo yenye makosa miaka yote, na mtu wa kuirekebisha alikuwa anakaa umbali wa kutembea kwa miguu, hana kadi.

Wiki ya 6

Sasa nina jibu la swali la mkuu wa maktaba. Wakija, wanakuja kutupatia majina.

Tukio nimelibatiza Meza ya Majina. Lina pande mbili. Upande mmoja, watu wanaleta picha na barua zao, tunaziskani palepale, wanaondoka na picha na barua zao zilezile pamoja na nakala ya kidijitali. Kwetu inabaki nakala tu, tena kwa ridhaa yao. Upande wa pili, tunatandaza picha zetu zisizo na majina na kuwaomba watuambie wanaona nini. Mkuu amekubali. Wakati huu hakurudisha karatasi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo miradi ya namna hii hufia. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, bila kubanwa, unachukua takriban megabaiti 26. Picha ndogo ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji nukta 600, kwa kuwa mtu atataka kuikuza aone nyuso, nayo inafika megabaiti 25. Yaani picha ya kiganjani inakula nafasi sawa na ukurasa mzima. Watu hawaamini mpaka uwaonyeshe. Vitu mia nne ni gigabaiti kumi hivi, na kwa kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo, hesabu inakwenda thelathini. Si nyingi kwa siku hizi, ila lazima iombwe mapema. Nakala kuu tunahifadhi kama TIFF, faili kubwa zisizobanwa. Za kumpa mwenye picha na za kuweka kwenye hazina ya kidijitali ya chuo ni JPEG, faili ndogo zilizobanwa.

Muda ndio adui mkubwa. Skana yetu ya bapa, pamoja na kufuta vumbi, kujaza fomu na kuipa picha namba, inataka kama dakika tano kwa kila kitu. Mtu mmoja akija na albamu ya picha sitini ameimaliza asubuhi nzima. Kwa hiyo kila mtu ni picha kumi kwa zamu, na achague mwenyewe. Kuchagua kwenyewe naona kutaleta mazungumzo.

Fomu ya ridhaa imenichosha kuliko skana. Rasimu ya ofisi ya sheria ilikuwa kurasa nne, na ilimtaka mwenye picha athibitishe kwamba anamiliki hakimiliki. Wengi hawaimiliki. Aliye na picha mkononi ni mwenye karatasi. Hakimiliki kwa kawaida huanza na mpiga picha. Barua ni vivyo hivyo: barua niliyoandikiwa ni yangu kama karatasi, maneno ni ya aliyeiandika. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao sheria za nchi nyingi zimeuegemea, unaweka kima cha chini kuwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake, na kwa picha miaka 25 tangu ilipopigwa. Sheria nyingi zimekwenda mbali zaidi. Kumsainisha bibi wa watu kwamba anamiliki kitu asichokimiliki ni kumtega. Tumeishia na ukurasa mmoja unaouliza mambo manne: picha umeipataje, nani aliipiga kama unajua, unaruhusu nini kati ya kuhifadhi tu, kuonyesha ndani ya maktaba, au kuweka mtandaoni, na je, kuna mtu ndani yake ambaye hutaki aonekane. Swali la mwisho limetoka kwa mlinzi. Nimemwambia aanze kuhudhuria vikao.

Wiki ya 7

Mitihani ya kati ya muhula. Hakuna tukio, hakuna mgeni. Nimehamisha viti.

Wiki ya 8

Jaribio la kuhariri Wikipedia. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri: kila mwaka kuna kampeni ya wakutubi, kuanzia 15 Januari hadi 5 Februari na tena 15 Mei hadi 5 Juni, ambapo kila mkutubi anaombwa aongeze angalau rejea moja kwenye makala yasiyo na chanzo. Ilianza mwaka 2016, Wikipedia ilipotimiza miaka kumi na mitano. Maktaba ina vyanzo, Wikipedia ina mashimo. Ndoa haihitaji mshenga. Nilitaka tujaribu sisi kwa sisi kabla ya kualika watu, kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ambako kurasa nyingi ni fupi na hazina rejea hata moja.

Walikuja kumi na mmoja, wanafunzi tisa na walimu wawili wa sekondari walioingia kwa kadi mpya za wageni. Nikawaambia wote wafungue akaunti. Sita wa kwanza wakafungua. Wa saba akakataliwa. Wa nane akakataliwa. Nikadhani wanakosea nywila, nikahama mashine hadi mashine kama daktari wa zamu, kumbe Wikipedia huruhusu akaunti sita tu kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, ili kuzuia waharibifu, na jengo zima la maktaba linatoka nje kwa anwani moja. Nusu saa ilipotea. Waliofanikiwa walikaa wakinitazama kwa huruma. Mwalimu mmoja ndiye aliyetuokoa: alifungua akaunti kwa data ya simu yake, wengine wakamfuata.

Kwa atakayenirithi: waambie watu wafungue akaunti nyumbani siku moja kabla, au omba mapema kizuizi kiondolewe kwa anwani yenu. Usiseme sikukuambia.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Mwanafunzi mmoja alitaka kuandika makala mapya ya kumsifu mhadhiri wake, tukamshauri aache. Walimu wale wawili hawakuandika kitu kipya kabisa. Walichukua makala ya mimea, wakaomba vitabu vya botania kutoka rafu za marejeo, wakakaa saa mbili wakiongeza namba za kurasa. Walipoondoka waliuliza kama wanaweza kuja na wanafunzi wao.

Wiki ya 9

Leo nimefundishwa kazi yangu na msomaji asiyeona. Anasoma shahada ya kwanza, hutumia kompyuta yenye NVDA, ile programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Alikuja dawatini akauliza kwa nini hakuwahi kuambiwa kuhusu kikao cha Wikipedia. Nikasema tulitangaza kwenye makundi yote ya WhatsApp. Akatoa simu, akaigusa, simu ikasema: "Picha."

Ndivyo ilivyo. Matangazo yetu yote ni mabango: tarehe, saa na mahali vimo ndani ya picha yenye maua pembeni. Kwa simu yake ni neno moja. Na si yeye peke yake. Mtu mwenye simu ndogo au kifurushi kidogo cha data hafungui picha. Kuanzia leo kila tangazo linatoka kwa maandishi kwanza, bango likifuata kwa wapenda maua. Nimemwomba apitie matangazo kabla hayajatoka. Amekubali kwa sharti kwamba tuache kuandika kichwa chote kwa herufi kubwa, maana kuna wakati programu huzitaja herufi mojamoja.

Akaniuliza pia kuhusu Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu kutengeneza nakala za vitabu kwa wasioona bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki na kuzibadilishana kati ya nchi zilizouridhia. Alikuwa anaujua kunishinda. Nimeingiza kwenye ratiba ya muhula ujao mchana mmoja wa vitabu vya sauti na maandishi makubwa, na mratibu wake si mimi, ni yeye.

Wiki ya 10

Maktaba ya Watu: imeahirishwa. Ni ule utaratibu ulioanzia Copenhagen mwaka 2000, ambapo unaazima mtu badala ya kitabu, unakaa naye kama nusu saa, unamuuliza yale ambayo kwa kawaida huthubutu kuuliza. Naupenda. Lakini jina lina wenyewe, na kuliendesha kwa jina hilo ni mpaka upate kibali chao. Tena anayekubali kuwa kitabu anahitaji maandalizi na mtu wa kukaa karibu naye, la sivyo anageuka kuwa kioja. Sisi hatuna huyo mtu muhula huu. Kitivo cha elimu jamii wanadhani watampata. Tutaona.

Wiki ya 11

Jaribio la Meza ya Majina, na wafanyakazi wastaafu wa maktaba yenyewe. Tulitandaza picha thelathini kutoka kwenye sanduku. Si asili zenyewe bali nakala tulizozichapa kubwa, mara mbili ya ukubwa wake. Hilo lilitokana na ugomvi mdogo: mhifadhi hataki picha asili zikae kwenye mwanga wa dirisha, na wazee hawaoni kwenye mwanga hafifu wa chumba cha nyaraka. Nakala zimewapatanisha. Tena nakala unaweza kuiandikia juu, kuzungushia kichwa cha mtu duara na kuandika "huyu ni nani?", mambo ambayo kwenye asili ni dhambi. Kwenye asili hatuandiki kitu, labda penseli laini pembeni kwa nyuma, kalamu ya wino kamwe.

Picha kumi na nane kati ya thelathini zilipata angalau jina moja. Picha ya hafla ikaleta mzozo. Mama mmoja aliyekuwa karani wa uazimishaji alisema aliyeshika ua ni fulani. Mwenzake aliyekuwa dereva akasema hapana, ni mdogo wake fulani, walifanana. Walibishana dakika ishirini na hakuna aliyerudi nyuma. Nikataka kuwaamulia, mwenzangu wa katalogi akanikanyaga mguu chini ya meza. Alikuwa sahihi. Yote mawili yameandikwa.

Hapo ndipo ulipoanza mjadala wetu wa wiki, ambao kwa mtu wa nje utaonekana kichekesho: majina ya waliotambua picha yakae wapi kwenye katalogi? Tunatumia Dublin Core, utaratibu wa kuandika maelezo ya kila kitu kwenye katalogi, wenye vipengele kumi na vitano, na mimi nilitaka wazee waingie kwenye kipengele cha mchangiaji. Waonekane, mtu akitafuta jina la mzee fundi alikute. Mwenzangu akakataa: mchangiaji ni aliyechangia kuitengeneza picha, si aliyechangia kuielewa. Tukivuruga hapa, mtu atakayetafuta baadaye atadhani mzee ndiye aliyepiga picha. Tumeafikiana wakae kwenye maelezo, kwa sentensi kamili inayotafutika: nani ametambua, lini, na kwa kumbukumbu gani. "Ametambuliwa na fundi aliyetengeneza rafu zinazoonekana nyuma." Sentensi hiyo kwangu imeshinda kipengele.

Rekodi ya picha ya "Ufunguzi wa maktaba" imerekebishwa. Kichwa cha zamani hatukukifuta. Kimebaki chini kama kichwa kilichotumika awali, kwa sababu kuna tasnifu zilizokinukuu.

Wiki ya 12

Ratiba iliyothibitishwa. Jumamosi ijayo ni Meza ya Majina ya kwanza kwa umma, asubuhi hadi saa nane, ukumbi wa ghorofa ya kwanza kati ya rafu zenyewe. Jumamosi mbili baadaye ni mchana wa Wikipedia na wanafunzi wa wale walimu wawili, akaunti zikifunguliwa kabla. Wiki ya mitihani maktaba itakuwa wazi usiku kwa wanafunzi tu, bila tukio lolote. Muhula ujao tutaanza na mchana wa vitabu vya sauti, kisha Wiki ya Machapisho Huria, ambayo badala ya mhadhara tutawafundisha wageni jinsi ya kupata tasnifu za chuo bila malipo kwenye hazina yetu ya kidijitali. Yule mama aliyetafuta tasnifu ya kaka yake alirudi siku ya tatu baada ya lango kubadilishwa. Nakala ilikuwepo, ghala la chini. Aliisoma ukurasa wa shukrani tu, akauliza kama anaweza kuupiga picha.

Mhadhara umebaki mmoja, 7 Julai. Profesa aliyeombwa amekubali kuufanya kwa dakika ishirini, na muda unaobaki ni wa meza.

Yaliyosalia kabla ya Jumamosi: penseli za 2B, bahasha zisizo na asidi, fomu mia moja, skana ya pili ya kuazima kutoka idara ya historia, na mtu wa kukaa na mlinzi langoni asubuhi, kwa kuwa anasema wanaouliza sasa ni wengi na hataki kumrudisha mtu mwingine kwa kutojua.

Jioni mzee amepiga simu. Anakuja na wenzake wawili wa karakana ya zamani. Mmoja macho yamepungua, mwingine mgongo haumruhusu kukaa kwenye viti vyetu vya kusomea. Nimeandika ombi la lenzi ya kukuzia, na nimewaomba vijana wa usafi wasogeze viti vitatu vyenye migongo kutoka ofisi ya mkuu hadi kwenye dirisha la mashariki, meza ya kwanza, karibu na ule ubao wa chini.